Kweli au si kweli: kuvua urani baharini na viumbe wanaoganda nyuzini

Maji ya bahari yameyeyusha ndani yake karibu kila madini tunayoyajua. Chumvi tunaichukua tangu enzi na enzi. Bromini ilianza kukamuliwa kiwandani Kure Beach, North Carolina, mwaka 1934, na magnesi ikafuata Freeport, Texas, mwaka 1941. Urani nayo imo, zaidi ya tani bilioni 4 ukijumlisha bahari zote, na Japani, Marekani na China wamejaribu kwa nyakati tofauti kuivua kwa nyuzi za plastiki. Habari hizi zikifika magazetini huja na picha ya fundo la nyuzi safi, jeupe, mikononi mwa mtu aliyevaa koti la maabara. Nyuzi hizo hizo zikitolewa baharini baada ya wiki sita zina rangi ya tope, zinateleza, na zina wakazi. Picha hiyo haichapwi mara nyingi, na ndiyo maana maneno mengi yanasemwa kuhusu jambo hili bila kupimwa.

“Urani ikiwa imo majini, kazi ni kuyavuta maji kwa pampu na kuyachuja.”

Si kweli, na kisa kizima kinaanzia hapa. Magnesi iko kwa kiasi cha gramu 1.3 hivi katika kila lita. Kiwanda kinaweza kuyavuta maji, kikayatia chokaa, kikapata bidhaa kabla bili ya umeme haijakila. Urani ni miligramu 3.3 tu kwa tani nzima ya maji. Ili upate kilo moja, hata kama usingeacha chembe moja iponyoke, ungepitisha tani 300,000 za maji kwenye chujio. Kwa kulinganisha, mwamba wa Mkuju kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, una urani ya gramu mia kadhaa kwa tani, na hata hapo wachimbaji walipiga hesabu mara mbili kabla ya kuugusa.

Waliolipuuza jambo hili wamelipia. Fritz Haber, mkemia Mjerumani mwenye tuzo ya Nobel, alitaka dhahabu ya baharini ilipe fidia ambazo nchi yake ilidaiwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1923 alipanda meli akiwa na maabara yake ndani, akapima maji safari nzima, akakuta dhahabu ni kidogo mno kuliko vitabu vya wakati ule vilivyodai. Akaachana nayo. Angalau Haber alikuwa mkweli. Mwaka 1898 kule Lubec, Maine, mchungaji mmoja aliyeitwa Prescott Jernegan aliwauzia watu hisa za kampuni ya kukamua dhahabu baharini, dhahabu ambayo mwenzake aliizamia na kuiweka mwenyewe mtegoni usiku.

Basi watafiti wa urani wakageuza mambo. Badala ya kuyaleta maji kwenye mtego, wakaupeleka mtego majini. Nyuzi za poliethilini hupandikizwa kemikali iitwayo amidoksimu, ambayo ina hamu kubwa ya kushikana na urani, kisha hutumbukizwa na kuachiwa mkondo wa bahari ufanye kazi ya pampu bila malipo. Gharama yake ni muda. Nyuzi zinahitaji wiki nne, sita, nane. Na kitu kinachokaa baharini wiki zote hizo hakikai peke yake.

“Chombo huanza kuota pale unapoona mwani na kome.”

Si kweli. Ukiona mwani kwa macho, umechelewa sana. Kitu chochote kikizama baharini, ndani ya dakika chache protini na sukari zilizoyeyuka majini hutandaa juu yake. Saa chache baadaye bakteria hutua juu ya utando huo, na wakishatua hutoa ute unaowashikilia na kuwalinda. Siku zinazofuata huja diatomu, viumbe wa chembe moja wenye maganda ya kioo, na hao ndio wanaoleta ule utelezi wa rangi ya kahawia. Kisha huja mbegu za mwani, na watoto wachanga wa wanyama wenye magamba na mirija ya chokaa.

Wa kushangaza kuliko wote ni wale wa vijiganda vyeupe vya chokaa, mfano wa volkano ndogo, wanaokata miguu ya watu kwenye nguzo za gati. Wengi huwadhania kuwa ndugu wa chaza. Kumbe ni ukoo wa kamba na kaa. Mtoto wao, akifikia hatua yake ya mwisho kabla ya kutulia, hali chakula kabisa. Ana akiba ya nguvu mwilini na kazi moja tu, kutafuta mahali pa kuishi. Hutembea juu ya mwamba au bati kwa vipapasio viwili, akionja uso wa kitu hapa na pale. Akiridhika hutoa gundi, akajibandika kichwa chini, na maisha yake yote yaliyobaki huvua chakula kwa kurusha miguu nje ya ganda. Hana nafasi ya kubadili mawazo, kwa hiyo huchagua kwa makini.

Na anachagua nini? Anapenda uso wenye mikwaruzo na mianya, na mahali ambapo mkondo unaleta chakula bila kumng’oa. Sasa mtazame mhandisi wa urani. Naye anataka eneo kubwa la uso, kwa sababu urani hushikwa juu ya uso wa nyuzi. Anataka mkondo upite vizuri katikati ya nyuzi ili maji mapya yafike kila saa. Anataka nyuzi zikae muda mrefu zisisumbuliwe. Kila sifa inayomfaa yeye inamfaa na huyu mgandaji. Hili ndilo linaloufanya ugomvi huu uwe mgumu kuliko ule wa meli: mwenye meli anaweza kuunda uso laini usioshikika, lakini mvuvi wa urani anauza kazi ya uso unaoshika.

“Viumbe hao wanaila urani.”

Si kweli, ingawa bakteria na mwani huweza kushika kidogo. Madhara yao makubwa ni ya aina nyingine. Ute wao hufunika nyuzi, hivyo urani inalazimika kupenya tabaka zito kabla ya kuifikia amidoksimu. Wakiongezeka huziba nafasi kati ya nyuzi na mkondo unapita pembeni. Wakiota zaidi huongeza uzito na ukinzani, na kamba za nanga zinavutwa kuliko zilivyokusudiwa. Kuna na jambo dogo ambalo halitajwi sana: njia mojawapo ya kuitoa urani kwenye nyuzi ni kuziosha kwa asidi. Nyuzi zikiwa na magamba ya chokaa, asidi inaanza kwanza kuyala magamba.

Hasara ni kiasi gani? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka Sequim, jimbo la Washington, kwenye maabara ya bahari ya Pacific Northwest National Laboratory. Watafiti walizichukua nyuzi zilizotengenezwa na maabara ya Oak Ridge, wakazipitishia maji ya bahari kwa siku 42, nyingine zikiwa kwenye mwanga unaoiga jua na nyingine gizani. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: penye mwanga, urani iliyonaswa ilipungua kwa hadi asilimia 30, viumbe waliongezeka, na hata aina za bakteria zilibadilika.

Asilimia 30 ni nyingi kwa biashara ambayo tayari bei yake haishikiki. Hata hivyo si maangamizi, na nashangaa wanaoitaja kama hukumu ya kifo. Amidoksimu ina mshindani mwingine asiye na uhai kabisa, vanadi, ambaye huingia kwenye nyuzi kwa wingi kuliko urani yenyewe na huwa mbishi kutoka. Kumtoa kunahitaji kemikali kali zinazozichakaza nyuzi. Ningeulizwa ni nani kati ya hao wawili anayemkosesha mkemia usingizi, ningesema vanadi. Mhandisi anayezifunga nyuzi kwenye nanga atakujibu vingine.

“Zizamishe chini kusiko na mwanga, tatizo limekwisha.”

Kweli nusu. Watafiti wa Sequim wenyewe walipendekeza kushuka chini ya tabaka linalofikiwa na jua, na mantiki yake ni safi: pasipo mwanga hapana diatomu wala mwani, na utando unabaki mwembamba. Hata hivyo, bakteria hawahitaji jua, wala wanyama wanaochuja chakula majini hawalihitaji. Giza linapunguza idadi ya wageni, haliwafungii mlango wote.

Zito zaidi ni joto. Amidoksimu hunasa urani vizuri zaidi katika maji ya vuguvugu. Wajapani waliliona hili kwa vitendo. Kati ya mwaka 1999 na 2001 walizamisha vizimba vya nyuzi baharini nje ya Mutsu, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, wakapata zaidi ya kilo moja ya urani, na mavuno yalikuwa takribani nusu gramu kwa kila kilo ya nyuzi kwa siku 30. Baadaye walijaribu misuko mirefu ya nyuzi, iliyosimama kama mwani mkubwa kutoka chini, katika maji ya joto ya Okinawa, wakapata takribani gramu 1.5 kwa muda ule ule. Sehemu ya tofauti hiyo ni umbo la mtego, na sehemu ni joto la maji. Ukishuka mita 200 chini ili uwakimbie wagandaji, unaliacha joto juu. Unaokoa mavuno kwa mkono mmoja na kuyamwaga kwa mwingine, na kamba ndefu za nanga si za bure.

Kwa bahari za tropiki kama yetu mzani huu ni mkali pande zote mbili. Maji ya vuguvugu mwaka mzima yangeifurahisha amidoksimu. Yanawafurahisha na wagandaji, ambao huku hawana majira ya baridi ya kuwapumzisha. Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba wanalijua hili bila kipimajoto: msimu wa joto ukiingia, kamba na mwani wenyewe huotwa na vimelea vya mwani mwingine, na kazi ya kusafisha huongezeka.

“Paka sumu.”

Hii ndiyo imani kongwe kuliko zote, na ndiyo yenye historia tamu. Kwa meli, sumu imefanya kazi. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika meli yake HMS Alarm mabati ya shaba, na shaba ikazuia wadudu watoboao mbao pamoja na magugu. Lakini shaba ililika na maji ya chumvi, nayo ni ghali. Baadaye wakamwita mkemia Humphry Davy. Mwaka 1824 Davy akapendekeza vipande vya chuma au zinki vigusane na shaba, ili vilike vyenyewe badala yake. Kwa upande wa kemia alifaulu kabisa: shaba ikaacha kulika. Na mara ilipoacha kulika, meli zikaota manyoya, kwa kuwa shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza viumbe. Kuiokoa shaba kulikuwa ni kuipokonya silaha yake.

Somo la Davy linawahusu moja kwa moja wavuvi wa urani, kwa sababu sumu ya kuzuia uoto hufanya kazi kwa kuvuja. Ukipaka rangi ya shaba juu ya nyuzi, kwanza umeziba uso uliolipia ubaki wazi. Pili, amidoksimu haichagui urani peke yake. Shaba nayo inaipenda. Sumu uliyoiweka kulinda nafasi za urani ingeingia na kuzikalia.

Kisha kuna bahari yenyewe. Rangi ya meli yenye tributiltini, iliyoenea miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa bora kuliko zote kwa kazi yake. Kwenye ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walianza kuota maganda mazito yaliyoharibika umbo na watoto wao wakawa hawapatikani. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1982. Konokono wa baharini wa kike waliota viungo vya kiume kwa kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Mtu anayepanga kutandaza maelfu ya tani za nyuzi baharini, na kuziita nishati safi, hawezi kuzichovya kwenye kitu cha aina hiyo. Kwa hiyo hapa jibu langu ni: kwa meli ilikuwa kweli, kwa nyuzi za urani si kweli.

“Tatizo hili limegunduliwa na maabara za kisasa.”

Si kweli hata kidogo. Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, wakiipaka chini ya mkanda wa maji. Chombo kilipwelezwa ufukweni, maji yakikupwa kinakwanguliwa na kupakwa upya, kisha kinasubiri maji yajae. Hakuna aliyedai kwamba deheni ingedumu milele. Ustadi wao ulikuwa kwenye ratiba, kujua ni lini uoto unaanza kupunguza mwendo na kukitoa chombo kabla ya hapo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanywa leo kwa nyuzi: je, kuziacha siku 60 ili zijae zaidi, au kuzitoa mapema kabla utando haujawa ukuta? Kila siku ya ziada inaongeza urani kidogo kuliko siku iliyotangulia, na wagandaji zaidi.

“Klorini huua kila kitu.”

Ingekuwa hivyo, mitambo ya kuondoa chumvi majini katika nchi za Ghuba isingekuwa na mafundi wa kusafisha ngozi zake za kuchujia. Klorini huwaua wengi, lakini walio ndani ya ute hukingwa. Pia huvunjavunja mabaki makubwa ya viumbe na kuyafanya vipande vidogo ambavyo bakteria waliosalia huvila kwa urahisi. Na kwa kuwa ngozi za plastiki ya aina ya poliamidi huharibiwa na klorini, inabidi iondolewe kabla maji hayajazifikia. Huko mbele walionusurika hukuta meza imeandaliwa. Kati ya mwaka 2008 na 2009 mlipuko wa mwani mdogo mno wa rangi nyekundu ulidumu miezi katika Ghuba na Bahari ya Oman, na mitambo ikafungwa. Waliokuwa wakiishi Fujairah au Muscat wakati ule watakumbuka. Kwa nyuzi zilizotundikwa bahari kuu swali hata halifiki huko: klorini utaimwaga wapi?

“Kila kiumbe ni adui.”

Si kweli, na hapa nadhani ndipo penye njia. Kwenye mabwawa ya chumvi, kama yale ya Gongoni karibu na Malindi, viumbe ni wafanyakazi wasiolipwa. Mikeka ya bakteria na mwani inayotanda sakafuni husaidia kuzuia maji yasinywee ardhini, na vijidudu vyekundu vinavyopenda chumvi kali hulifanya bwawa linyonye joto la jua zaidi, hivyo maji hukauka upesi. Huko mzalishaji wa madini hapigani na uhai, anauongoza.

Watafiti wa China wamejaribu kitu chenye roho hiyo hiyo. Mwaka 2019 walitangaza bakteria waitwao Bacillus velezensis, aina ya UUS-1, ambao wenyewe hunasa urani majini na papo hapo huwazuia wagandaji wengine. Wengine wamepandikiza dawa za kuua bakteria kwenye nyuzi kwa kifungo cha kemikali, ili zisivuje. Chuo cha MIT, Marekani, kilichukua njia ya umbo: kikatenganisha kazi mbili, nyuzi laini zikawekwa ndani ya maganda magumu ya plastiki yenye matundu, ganda likabeba nguvu ya mawimbi na nyuzi zikabaki na kazi moja ya kunasa. Mnyororo wa maganda hayo ungezungushwa kwenye mnara wa umeme wa upepo baharini, ukipita majini na kurudi juu kwa ratiba. Naipenda fikra hii kuliko dawa, kwa sababu inakubali tangu mwanzo kwamba mtego utaota na kuupangia siku ya kutoka.

“Maabara zimeshavunja rekodi, kwa hiyo ni suala la muda tu.”

Tazama rekodi ilivyopatikana. Tafiti nyingi zinazotaja mamia ya miligramu za urani kwa gramu moja ya nyenzo hutumia maji yaliyoongezwa urani, maelfu ya mara kuliko ya baharini. Nyingine hutumia maji halisi ya bahari, ila yamechujwa kwanza ili kuondoa viumbe, jambo ambalo ni halali ukitaka kupima kemia peke yake. Ni mpaka usome sehemu ya mbinu ndipo unagundua kwamba yule mshindani mkubwa hakualikwa. Mwaka 2018 maabara ya Sequim na kampuni ya LCW Supercritical Technologies zilitangaza zimepata gramu 5 za unga wa njano wa urani kutoka maji ya bahari kwa kutumia uzi wa akriliki, ule ule wa kufumia sweta. Gramu 5 ni kidogo, lakini ni unga halisi unaoshikika. Bei ya urani ya baharini bado ni mara kadhaa ya ile ya mgodini, na makadirio yote ya kuishusha yanasimama juu ya namba mbili: uzi mmoja utatumika mara ngapi kabla ya kutupwa, na utakaa siku ngapi majini kila safari. Namba zote mbili hazipimwi kwenye maji yaliyochujwa.